Mkono wa Mgonjwa wa Parkinson Unahitaji Egemeo Gani?

Usiku wa tarehe 19 Julai 1996, katika uwanja wa Olimpiki mjini Atlanta, Muhammad Ali alijitokeza juu ya jukwaa akiwa na mwenge. Alikuwa na miaka 54, na madaktari walikuwa wamemgundua na ugonjwa wa Parkinson tangu mwaka 1984. Bingwa aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 alisimama mbele ya dunia nzima, mkono wake wa kushoto ukitetemeka asiweze kuuzuia. Ukiitazama tena video ile, angalia mikono yote miwili. Wa kulia, ulioshika mwenge, umetulia kuliko wa kushoto, ambao haukuwa na kazi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotufungulia mlango wa suala hili. Miaka ya karibuni vimetangazwa vifaa vingi vya kuvaliwa mkononi kwa ajili ya wagonjwa wa Parkinson: bangili zinazotoa umeme, glavu zenye gurudumu linalozunguka, vikingio vya kigasha vyenye mota. Watoto wenye wazazi wagonjwa hutumiana video hizo kwa WhatsApp, na wapo wanaochangishana ili ndugu aliyeko Marekani au Uingereza anunue kimoja na kukituma nyumbani. Je, fedha hiyo inakwenda mahali pake? Nadhani, kwa wagonjwa walio wengi, inatangulia kabla ya wakati. Kabla ya kuuliza ni kifaa gani kinunuliwe, familia inapaswa kuuliza mkono huu unakwama wapi.

Mkono unakwama wapi

Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa London, alichapisha kijitabu kuhusu watu sita waliokuwa wakitetemeka na kuinama, baadhi yao akiwa amewaona tu barabarani. Aliuita ugonjwa wao kupooza kwa kutetemeka. Miongo kadhaa baadaye Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipendekeza ugonjwa huo upewe jina la Parkinson. Jina la zamani hakulikubali, kwa sababu wagonjwa hao hawakuwa wamepooza, na si wote waliotetemeka.

Chanzo cha ugonjwa ni kufa kidogo kidogo kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuupa ukubwa unaostahili. Dopamini ikipungua, mkono unaathirika kwa sura nne.

Ya kwanza ni mtetemo. Mkono ukiwa umelala pajani hutikisika mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kana kwamba vinaviringisha kitonge. Mgonjwa akiunyoosha kuchukua kikombe, mara nyingi mtetemo hupungua, ingawa kwa baadhi yao hurudi baada ya sekunde chache akiwa bado amekishikilia. Ya pili ni kupotea kwa wepesi: kila tendo linachelewa kuanza na linachukua muda mrefu kwisha. Ya tatu ni kukakamaa, yaani misuli inashikana, na anayejaribu kuukunjua mkono wa mgonjwa anahisi unakubali kwa kukwamakwama. Ya nne ni kunywea kwa mwendo. Mtu anaanza kuandika kwa herufi za kawaida, na kufika mwisho wa mstari zimekuwa ndogo kama punje za ulezi.

Mtazame mgonjwa anayefunga vifungo vya shati asubuhi. Kidole kinakigusa kifungo, kinasita. Anakisukuma kuelekea kwenye tundu, lakini nguvu inamwishia kabla hakijapenya, na inambidi aanze upya. Kifungo cha tatu kinamkuta amechoka. Muda wote huo huenda mkono wake hautetemeki hata kidogo. Kinachomshinda ni wepesi, ukubwa wa mwendo na mpangilio wake.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Karibu vifaa vyote vinavyotangazwa vimebuniwa kupambana na mtetemo. Mtetemo wa Parkinson, hasa ule wa mkono uliopumzika, humtia mtu aibu sana mbele za watu, lakini kazi za mkono mara nyingi huharibiwa zaidi na zile sura nyingine tatu. Kifaa kinachoondoa mtetemo tu kinaweza kumwachia mgonjwa mkono uliotulia na bado ukashindwa kufunga kifungo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanunuzi. Upo mtetemo wa aina nyingine, ambao mara nyingi hurithiwa katika familia, na huo huja mkono unapokuwa kazini: kumimina chai, kupeleka kijiko mdomoni, kutia sahihi. Vifaa vingi vilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa aina hiyo. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa mgonjwa wa Parkinson bila kupimwa upya.

Njia tano za kuutuliza mtetemo

Njia kongwe ni uzito. Hoja yake ni rahisi: kitu kizito hakitikisiki ovyo, kwa hiyo mkono ufungwe mkanda mzito kwenye kifundo, au mgonjwa apewe kijiko kizito. Mkononi mambo yalikuwa tofauti. Jaribio la kulinganisha lililochapishwa mwaka 2002 halikuona uzito ukipunguza kwa maana yoyote mtetemo wa mkono ulionyooshwa kwa wagonjwa wa Parkinson. Tena bega lililokwisha kukakamaa linaongezewa mzigo wa kubeba.

Njia ya pili inafuata kanuni ya shokomzoba. Ndani ya kikingio cha kifundo cha mkono kunawekwa kipande cha uzito kinachoweza kucheza, kimepangwa kiyumbe kinyume na mtetemo na kuumeza. Wahandisi wa majengo wanaijua kanuni hii vizuri. Katika jengo la Taipei 101 limening'inizwa tufe la tani 660 ili lipunguze kuyumba kwa jengo upepo unapovuma. Kampuni ya Steadiwear ya Kanada imeipeleka kanuni hiyo kwenye mkono, bila betri wala waya. Usahili huo una faida kubwa penye umeme wa shida. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haina la kufanya kwa mkono mzito usiotetemeka.

Njia ya tatu kila mtoto aliyecheza pia anaielewa. Pia ikizunguka kwa kasi inasimama wima na inapinga kuangushwa. Faii Ong, akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini London, alimhudumia mwanamke wa miaka 103 aliyeshindwa kula kwa sababu ya kutetemeka, akajiuliza kama kitu kinachozunguka hivyo kingeweza kuushika mkono. Ndiko ilikotoka GyroGlove, glavu yenye gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi mgongoni mwa kiganja, iliyoonyeshwa Las Vegas mwaka 2024 kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES. Mkono unabaki huru kwenda unakotaka polepole, na mtikisiko wa haraka ndio unaopingwa. Bei yake ni maelfu ya dola.

Njia ya nne ni mota. Nchini Hispania, Eduardo Rocon na wenzake walitengeneza WOTAS, kiunzi cha kuvaliwa kinachoshika kiwiko, kigasha na kifundo, kikipima mtetemo na kuusukuma kinyume papo hapo. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha nguvu ya mtetemo ikipungua kwa asilimia 40, na hadi 80 kwa waliotetemeka vikali. Kwenye maabara hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini kiunzi kilikuwa na uzito wa karibu gramu 850 na kilionekana wazi, na hayo mawili yanatosha kumfanya mtu asikivae akienda sokoni. Watafiti waliona pia kwamba mtetemo uliobanwa kwenye kifundo ulielekea kupanda juu, karibu na bega. Ukiziba tundu moja la gunia, mchele hutafuta jingine.

Njia ya tano haiushiki mkono, bali inazungumza na neva zake. Bangili ya kampuni ya Cala, ya Marekani, inatuma umeme mdogo kwenye neva za kifundo kwa dakika 40, na mvaaji anapata nafuu ya muda baada ya hapo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2018 kwa ule mtetemo mwingine nilioutaja. Mwaka 2022 ruhusa iliongezwa kwa wagonjwa wa Parkinson, kwa mtetemo unaokuja mkono ukiwa kazini, si ule wa mkono uliopumzika. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, au kifaa chochote cha umeme kilichopandikizwa mwilini, haruhusiwi kuivaa.

Katika kundi hilihili kuna bangili iliyobuniwa na Haiyan Zhang wa Microsoft kwa ajili ya Emma Lawton, mbunifu wa michoro wa Uingereza aliyegunduliwa na Parkinson akiwa na miaka 29. Vimota vidogo vilitikisa kifundo chake kwa mdundo maalumu, naye akaweza kuandika jina lake na kuchora mstari. Dunia ilishangilia, na kwa haki. Ila bangili ile ilipimwa mkononi mwa mtu mmoja ili itatue tatizo la mtu mmoja. Kinachofaa kuigwa hapo ni utaratibu wake: Zhang alianza kwa kukaa na Emma na kumwuliza ni kazi gani anayoililia, kisha ndipo akatengeneza.

Kwa nini video pekee haitoshi

Video ya mkono unaotulia ghafla inagusa moyo, na anayeituma anaituma kwa mapenzi. Lakini Parkinson ni ugonjwa unaobadilika saa kwa saa. Kidonge cha levodopa, dawa ya ugonjwa huu, kikianza kufanya kazi mkono unafunguka, na kikiisha nguvu unafunga tena. Wasiwasi unauzidisha mtetemo na utulivu unaupunguza. Picha ya kabla na baada ikipigwa kwa kupishana saa moja tu, inaweza kuwa inaonyesha kazi ya kidonge.

Liko jingine zito zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha katika jarida la Science kwamba wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa isiyo na kitu, wakitumaini kwamba ni ya kweli, ubongo wao ulimwaga dopamini. Matumaini yenyewe yana nguvu ya kemikali katika ugonjwa huu. Si kwamba mgonjwa anajidanganya. Mwili wake unaitika kweli, ila mwitiko huo hauthibitishi kwamba kifaa ndicho kilichofanya kazi. Kwa hiyo kifaa kipimwe kwa majuma, mgonjwa akiwa nyumbani kwake, kwa kazi zake mwenyewe, na ikiwezekana kilinganishwe na kingine kinachofanana nacho ambacho kimezimwa.

Egemeo linaloudhuru mkono

Wapo wanaofikiri kwamba mkono unaohangaika upumzishwe. Wanaufunga kitambaa shingoni kama uliovunjika, au wanaubana kwa bandeji mchana kutwa. Mgonjwa mwenyewe huuficha mfukoni au chini ya kanga watu wasiuone. Nawaelewa wote, kwa sababu nia ni kumpunguzia mtu taabu na aibu. Lakini mkono wa Parkinson usiotumika hukakamaa zaidi. Maumivu ya bega na bega kuganda ni mambo ya kawaida katika ugonjwa huu, na wakati mwingine hutangulia dalili nyingine zote. Kuufunga mkono wa namna hiyo ni kuusaidia ugonjwa.

Kuna pia mikono ya kubebea, yaani vishikio vyenye springi vinavyofungwa kwenye kiti au meza na kuchukua uzito wa kigasha. Asili yake ni huduma kwa watu waliodhoofishwa misuli na polio. Anayekosa nguvu za kuinua mkono hufaidika navyo sana. Mgonjwa wa Parkinson kwa kawaida nguvu anazo. Kinachokosekana ni amri ya kuzitumia kwa wakati na kwa kiasi. Kwake vifaa hivyo vina nafasi ugonjwa ukifika mbali na bega likichoka upesi wakati wa kula, tena baada ya mtaalamu kumpima.

Mezani kwetu

Vifaa hivi vilibuniwa vikifikiria kijiko, kalamu na kikombe cha chai. Mgonjwa wa Moshi, Lamu au Bukavu ana kazi hizo, na ana nyingine pia. Anakula ugali kwa mkono: anamega, anafinyanga tonge, anatoboa kishimo kwa kidole gumba, anachota mchuzi. Kazi hiyo inataka vidole vitupu, vyepesi na vyenye kuhisi, na glavu yoyote inaiua. Mwislamu anatawadha mara kadhaa kwa siku, maji yakifika mpaka kiwikoni, kwa hiyo bangili ya umeme itavuliwa na kuvaliwa tena kila mara na mtu ambaye kufunga mkanda tu ni mtihani kwake. Anayetuma fedha kwa simu anahitaji kugonga tarakimu za siri kabla muda haujaisha. Joto na jasho la pwani navyo vinawasha ngozi iliyofunikwa kwa mpira mchana kutwa.

Kifaa ambacho hakijaulizwa maswali haya, hata kiwe kimeshinda tuzo ngapi, hakijajaribiwa kwetu.

Pa kuanzia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na Parkinson, mara mbili ya idadi ya miaka 25 iliyotangulia. Afrika Mashariki wagonjwa wengi hawajulikani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071 wakapata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupata tiba. Mahali pengi kutetemeka kunahesabiwa kuwa uzee, laana au kurogwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hapa anayefichwa mara nyingi ni mzee aliyewekwa chumba cha nyuma ili wageni wasimwone.

Kwa hiyo egemeo la kwanza la mkono ni utambuzi sahihi, na la pili ni levodopa. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na inagusa wepesi na kukakamaa, yale ambayo bangili haiyafikii. Mtetemo wenyewe huitika kwa viwango tofauti. Shida ni upatikanaji: katika nchi nyingi zenye kipato kidogo dawa hii inakosekana au bei yake haimudiki. Mbegu za upupu nazo zina levodopa, lakini kiasi chake hubadilika toka mbegu hadi mbegu, na si salama mtu kujipimia mwenyewe jikoni.

Egemeo la tatu ni mafunzo. Mtaalamu wa tiba ya viungo analilegeza bega na kumzoeza mgonjwa mwendo mkubwa: kufungua kiganja chote, kunyoosha mkono mpaka mwisho, kuhesabu kwa sauti kabla ya kuanza tendo. Mtaalamu wa tiba kazi anaitazama shughuli yenyewe na kuirekebisha. Viwiko vyote viwili viegemezwe mezani wakati wa kula, na meza iwe na kimo cha kufaa. Kikombe kiwe kipana chini, chenye mishikio miwili, kijazwe nusu. Mpini wa kijiko unenepeshwe kwa kuzungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, kijiko chenyewe kibaki chepesi. Kitambaa chenye unyevu kiwekwe chini ya sahani isiteleze, na chakula kiwe kwenye bakuli lenye kingo. Vifungo vya shati vibadilishwe kwa utepe wa kunata. Kwa kuandika, daftari lenye mistari humsaidia mgonjwa kurudisha herufi kwenye ukubwa wake. Mambo haya yote kwa pamoja yanagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya glavu moja.

Baada ya hayo ndipo kifaa cha kuvaa kinapata nafasi yake ya haki. Wapo wagonjwa ambao mtetemo wao unaendelea kazini, hausikii dawa, na ndio hasa unaomwaga chai yao. Kwao bangili au kikingio chenye shokomzoba kinaweza kurudisha heshima mezani, na heshima hiyo si jambo dogo. Ila wajaribu kabla ya kulipa, kwa kazi tatu walizozichagua wenyewe, na waandike kila siku kilichofanikiwa na kilichoshindikana.

Nchi zetu si tupu. Mjini Moshi, jirani kabisa na Hai, hospitali ya KCMC ina shule ya tiba kazi, na hapohapo kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kinawafundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mafundi hawa wanajua kupasha moto plastiki na kuichonga ifuate mkono wa mtu mmoja, huyu aliyeketi mbele yao. Kikingio chepesi kinachoacha vidole vitupu kwa ajili ya tonge, kisichoogopa maji ya udhu, kinachofungwa kwa mkono mmoja, kinaweza kubuniwa na watu hao wakikaa meza moja na wagonjwa. Vyuo vyetu vya uhandisi vilichukue jambo hili kama mradi, na wizara za afya zihakikishe levodopa inafika mpaka hospitali ya wilaya.

Nawe uliyeletewa video na ndugu yako, usiifute. Kaa kwanza na mzazi wako wakati wa chakula, umtazame mkono wake tangu anaponawa mpaka anapomaliza, umwulize ni kazi ipi moja angependa aweze tena kuifanya peke yake. Mpeleke hospitali ukiwa na jibu hilo, maana ndilo litakaloonyesha kama anahitaji dawa, mazoezi, kijiko chenye mpini mnene au bangili.